Mume wangu alikuwa mwanajeshi, amekatwa mguu: aanze mchezo gani, na kujitolea akubali?

SWALI: Kocha habari za kazi. Mume wangu ana miaka 36, alikuwa jeshini, alijeruhiwa akiwa kwenye misheni Kongo akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Mguu wa bandia anao ila anauvaa Jumapili tu, siku nyingine yupo ndani na simu. Nilimuonyesha video ya Tembo Warriors akasema huo ni mpira wa kuonewa huruma. Sasa kuna mwalimu wa shule ya msingi hapa mtaani, shule yao ina kitengo cha watoto wenye ulemavu, kamuomba awe anaenda Jumamosi kujitolea kwenye michezo. Hajakubali wala hajakataa. Je, michezo itamsaidia kweli au ntamuumiza zaidi? Aanze na upi? Na hiyo ya kujitolea si asubiri kwanza awe sawa? (Mama wawili, Morogoro)

JIBU: Dada pole sana, na ahsante kwa kuuliza kwa uwazi. Nianze na la mwisho maana ndilo lenye haraka: asisubiri. Amkubalie mwalimu hata kabla hajagusa mpira, ila kwa masharti ambayo ntakupa huko chini. Watu wengi wanapanga hivi, apone kwanza, alafu acheze, akishakuwa na medali ndio aende kusaidia wengine. Kwa wajeda niliowafanyisha mazoezi tiba, mara nyingi inakwenda kinyumenyume, mtu anaanza kwa kuhitajika mahali fulani saa fulani, mwili ndio unafuata.

Hebu fikiria jeshi lilimpa nini mbali na mshahara. Lilimpa saa ya kuamka, watu wa kuamka nao, na mtu ambaye asipomuona kwenye mstari anauliza yuko wapi. Vyote vitatu vilikatika siku moja na mguu. Nyumbani wewe unampenda, unampikia, unamfulia, lakini hakuna anayemdai kitu, na mwanaume aliyezoea kudaiwa ukimuacha hivyo mwaka mzima anaanza kujiona mzigo hata kama hakuna aliyemwambia neno. Ndio maana mimi nikisikia "anashinda na simu" siulizi kama ni mvivu, nauliza nani anamsubiri.

Hii wala sio falsafa yangu, michezo yenyewe ya paralimpiki, yaani olimpiki ya watu wenye ulemavu, ilizaliwa hapohapo. Kulikuwa na daktari anaitwa Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyewakimbia Manazi mwaka 1939 akaenda Uingereza. Mwaka 1944 akapewa wodi hospitali ya Stoke Mandeville ya wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo, enzi hizo mtu wa hivyo walikuwa wanamlaza tu wakisubiri afe kwa vidonda vya kulala au figo. Guttmann akawaamsha. Akawapa kazi za mikono, useremala, kutengeneza saa, wakifanya kwa ratiba kama waajiriwa. Michezo aliiona kwao kwanza, aliwakuta wagonjwa wako kwenye viti vya magurudumu wanapiga kisahani sakafuni kwa fimbo za kutembelea, wakafanya ndio mchezo wao wa polo mpaka ikabidi usimamishwe kwa sababu walikuwa wanaumizana 😄 Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, akaandaa mashindano ya kulenga mishale ya watu 16 tu, wanajeshi wa zamani wanaume kwa wanawake. Mwaka 1960 yakafanyika Roma, na hayo ndiyo yanahesabika kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kwa hiyo shemeji akikuambia ni vitu vya huruma mwambie vilianzishwa na wajeda wenzake waliokuwa wanagombana na nesi.

Sasa kuhusu video ya Tembo Warriors. Hiyo timu yetu ya mpira wa miguu ya watu waliokatwa viungo ilifuzu Kombe la Dunia kupitia mashindano ya Afrika yaliyofanyika hapahapa Dar mwaka 2021, na mwaka 2022 kule Uturuki ikafika robo fainali. Robo fainali ya dunia bwana, sio jambo dogo. Na wachezaji wengine wamepata klabu Uturuki.

Na hao Waturuki ndio ningependa awaangalie yeye, kuliko sisi. Ligi yao ina wanajeshi wengi waliojeruhiwa, kule wanawaita gazi. Kapteni wao Osman Çakmak alikanyaga bomu la ardhini akiwa jeshini, na fainali ya Ulaya mwaka 2017 dhidi ya Uingereza alifunga goli la ushindi dakika za mwisho kabisa, uwanja wa klabu ya Beşiktaş umejaa watu. Mtafutie clip hiyo. Usimwambie kitu, mtumie tu WhatsApp alafu nyamaza. Aangalie jinsi wanavyokabana, magongo yanagongana, mtu anaanguka anainuka anamtukana refa, sioni huruma imekaa wapi pale.

Mfano wa karibu zaidi ni Rwanda. Dominique Bizimana alipigana upande wa waasi wa RPF kwenye vita vya huko akapoteza mguu. Baada ya vita akajikuta anacheza voliboli ya kukaa na mwenzake aliyekuwa jeshi la upande wa pili, yeye pia kakatwa mguu, yaani watu ambao miaka michache nyuma wangekutana msituni mmoja asingerudi. Wakaujenga mchezo mpaka Rwanda ikafika Paralimpiki ya London 2012, timu ya kwanza ya voliboli ya kukaa kutoka Afrika kusini mwa Sahara, na baadae wanawake wao wakaenda Rio 2016, Tokyo na Paris. Bizimana akaja kuongoza kamati ya paralimpiki ya nchi yake. Uone hapo huwezi kutenganisha alipocheza na alipojitolea, kuita watu, kutafuta uwanja, kufunga neti, kuwafundisha wapya, ilikuwa kazi moja.

Haya, aanze na mchezo gani.

Kwa mtu wa chini ya goti ambaye goti lake linakunja vizuri, milango ni mingi. Kukimbia kwa ule mguu wa kaboni uliopinda ndio kila mtu anaufikiria kwa sababu ya TV, na ndio nakuambia usianzie hapo, ule mguu ni hela nyingi, unataka soketi yake (kile kikombe mguu unapoingia), fundi wake na kocha anayeujua. Aje huko baadae kama moyo utampeleka.

Chaguo langu la kwanza kwake ni huohuo mpira anaoudharau, kwa sababu vifaa ni magongo mawili ya kiwiko na kiatu kimoja. Sheria zake azijue: timu watu saba, sita ndani na kipa. Wa ndani wamekatwa mguu, kipa amekatwa mkono na haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Huwezi kuupiga mpira kwa gongo makusudi, inahesabika kama umeshika, wala kuupiga kwa kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki. Hakuna ofsaidi. Vipindi viwili vya dakika 25. Mtu akikuambia dakika 25 ni chache mwambie azicheze kwa mikono.

Lakini kuna kitu kimoja kigumu ambacho nadhani ndicho kinamfanya aseme "huruma", na wachache watakuambia: kwenye mpira huu mguu wa bandia unavuliwa. Mtu anakaa pembeni ya uwanja, anafungua, anavua soksi za kigutu, anauweka mguu kwenye begi au chini ya mti, anakunja suruali, anasimama mbele za watu alivyo. Wanaume wazima wanaogopa dakika hiyo kuliko mechi yenyewe. Mwenye mguu anaouvaa Jumapili tu ili watu wasione, hiyo ni kazi kubwa mno kumwambia aifanye siku ya kwanza uwanjani na mashabiki wamejaa. Ndio maana nasema shule kwanza. Watoto wa kile kitengo watamuuliza "anko mguu umeenda wapi" kabla hajakaa vizuri, atajibu, watauliza unauma, atajibu, alafu watarudi kwenye mpira wao. Akishajibu hivyo Jumamosi kadhaa, kuvua mbele ya watu wazima kunakuwa kazi nyepesi.

Chaguo la pili ni voliboli ya kukaa kama ya Wanyarwanda. Uwanja mita 10 kwa 6, neti ya wanaume urefu mita 1.15, makalio lazima yaguse chini unapocheza mpira. Uzuri wake unaweza kuchorwa kwenye sakafu ya darasa au ukumbi wa kanisa, na watoto wenye ulemavu, watoto wasio na ulemavu na shemeji wote wanacheza pamoja. Hata wewe ukikaa chini mnalingana, na nakuonya utachoka vibaya mno, kutambaa kwa mikono huku unatazama mpira juu sio mchezo. Kama ana mwili wa juu wa kijeshi bado, kuna pia kunyanyua uzito akiwa amelala kwenye benchi, na kurusha tufe au mkuki. Kikapu na tenisi za viti vya magurudumu ni nzuri sana, ila kiti cha mchezo sio kile cha hospitali, kina matairi yaliyolala na bei yake inasimama wima.

Akitaka ushindani wa kweli ajue mapema habari ya madaraja. Paralimpiki hawakuangalii ulijeruhiwaje, wanaangalia mwili unaweza nini. Riadha kwa mtu kama yeye, akishindana na mguu wa bandia, daraja ni T64 kwa mbio na F64 kwa kurusha, na anapimwa na wapimaji wa mchezo, cheti cha hospitali peke yake hakitoshi. Mpira wa miguu wa waliokatwa viungo haumo kwenye Paralimpiki kabisa, una kombe lake la dunia. Alafu kuna Invictus Games, hayo yalianza London mwaka 2014, ni ya wanajeshi tu, waliopo kazini na waliostaafu, na hata aliyeumia akili bila jeraha la mwili anacheza. Nchi ndiyo inaalikwa kupeleka timu, huwezi kujiandikisha mwenyewe, na Nigeria iliingia mwaka 2023. Simwambii aote Invictus, ila ajue kuna uwanja ambapo kila aliyevaa namba mgongoni aliwahi kuvaa kombati.

Na kwenye hela nisikudanganye, hapa kwetu michezo hii hailipi. Kuna nauli, kuna maji, kuna raba. Akiingia akitegemea posho ataacha mapema.

Sasa masharti ya kujitolea, na haya mwambie mwalimu mapema, ikiwezekana wewe mwenyewe uwepo.

La kwanza apewe kazi yenye jina. "Njoo tu utusaidie" ni sumu kwa mjeda. Awe mtunza vifaa, awe refa wa Jumamosi, awe msimamizi wa kuanza mazoezi saa mbili kamili, kitu ambacho asipokuwepo kinasimama. Mpeni filimbi na daftari la mahudhurio, utashangaa.

Alafu asigeuzwe bango. Kuna tabia ya kumsimamisha mwenye ulemavu mbele ya wageni aeleze alivyoumia, watu wanatoa machozi, picha zinapigwa, mtu anarudi nyumbani halali usiku. Habari za Kongo ni zake, atazisema siku akitaka na kwa anayetaka. Nauli alipwe au ijulikane mapema nani anaitoa, maana bodaboda kwenda na kurudi kila wiki ikitoka kwenye unga wa watoto wako mtaanza kugombana na kitu kizuri kitaonekana kibaya. Na mwisho, siku moja kwa wiki inatosha. Hawa watu wakiwaka wanawaka kweli, atataka kwenda siku tano, mzuie kidogo.

Tukija kwenye mwili, hapa ndipo naomba usome mara mbili maana nimeona michezo mizuri ikiharibika kwa kidonda cha ukubwa wa shilingi. Mguu anaouvaa Jumapili tu inawezekana haumkai tena. Kigutu kinabadilika umbo, kinasinyaa, mtu akinenepa kinajaa, soketi inabaki ileile. Kabla ya mazoezi yoyote arudi alikotengenezewa wamkague, na kama hapo pameshindikana, Dar kuna MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hospitali ya CCBRT, na Moshi kuna hospitali ya KCMC ambako ndipo mafundi wa viungo bandia wanasomeshwa. Akishavua, angalieni ngozi kwa mwanga mzuri, nyuma atumie kioo kidogo. Wekundu unaoondoka ndani ya robo saa hivi ni kawaida. Usioondoka, lengelenge, au ngozi iliyochubuka, mguu hauvaliwi mpaka pafunge, hata kama kesho kuna fainali. Kigutu kioshwe jioni kwa sabuni ya kawaida na kikaushwe vizuri, asubuhi kikiwa na unyevu kinavimba na kuteleza ndani ya soketi. Soksi zake zifuliwe kila siku na zisuuzwe mpaka povu liishe kabisa, sabuni iliyobaki na jasho la Morogoro ni balaa.

Magongo nayo yapimwe. Akisimama wima na kiatu, mkono umening'inia, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, akikishika kiwiko kinakunja kidogo. Marefu mno yanaua mabega, mafupi yanaua mgongo. Wiki za mwanzo viganja vitachubuka na mabega yatauma, hiyo inapita, lakini ganzi kwenye vidole haipiti, akiisikia apumzike na aje aonekane. Mguu mzima uliobaki nao una haki yake, ndio pekee alionao, kwa hiyo kiatu kizuri na mazoezi ya kuimarisha nyonga kabla ya kuanza kurukaruka. Kuhusu yale maumivu ya mguu ambao haupo, vidole vinamuwasha usiku na havipo, sio kichaa wala uchawi, ni mishipa ya fahamu na ubongo, na ina dawa na mazoezi yake, aseme kwa daktari.

Ulichoniandika hakina habari za usiku wake. Kama anashtuka, anapiga kelele usingizini, amezidisha pombe, au anakaa siku nzima bila kusema, michezo peke yake haitoshi na kocha atakayekuambia inatosha muogope. Aende kwa daktari wa akili, hospitali ya jeshi Lugalo wamezoea mambo ya wanajeshi, na kama hataki kurudi kwenye mazingira ya jeshi Muhimbili wapo. Akisema hana haja ya kuishi usisubiri kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Na jambo dogo watu hawalifikirii: mashindano ya riadha wanaanzisha kwa mlio wa bastola. Mtu aliyetoka Kongo akisikia hiyo nyuma yake bila kujua, siku imeharibika. Mwalimu na waandaaji waambiwe watumie filimbi, au basi wamtaarifu kabla. Fataki za sherehe za shule vilevile.

Wewe mwenyewe fanya machache. Usimpige picha siku ya kwanza. Usimuulize kila akirudi "umejisikiaje", muulize nani kashinda. Na akishindwa akarudi amenuna, akabamiza begi, furahi kimoyomoyo usimbembeleze, mtu anayekasirika kwa kufungwa na timu ya Kilosa ameshaanza kuwa mchezaji.

Kwa hiyo wiki hii ni mambo mawili tu. Yeye akakaguliwe soketi, na wewe ukaongee na mwalimu hayo masharti kisha umuachie yeye atoe jibu lake. Ya mpira wa miguu yasubiri mpaka mwenyewe aulize wanafanyia wapi mazoezi. Akiuliza, nitumie urefu wake, uzito, na raba za chini za magongo yake zimeisha kiasi gani, maana zikiisha upande mmoja ujue analalia bega moja na hapo tunaanza na bega kabla ya mpira.